Ombi la Gati Rovers Kutukanwa Rasmi

Kirumba, Mwanza
Jumatatu, 12 Mei 2025
Mwaka wa arobaini na tisa tangu nitoke Kisumu kwa safari ya siku mbili

Ndugu Mwenyekiti Oluoch,
Klabu ya Gati Rovers,
Kisumu.

YAH: UPUNGUFU WA MATUSI KUTOKA NJE NA HATARI YA KUSHUKA DARAJA

Nianze kwa kukujulia hali wewe, kamati yako, na goti la kipa Mukhwana, ambalo nasikia linaendelea vizuri kuliko sehemu nyingine zote za timu.

Huenda hunijui. Mimi ni Abeid Alamin, mzaliwa wa Kaloleni, Kisumu, karani wa mizigo katika meli za ziwa zama za Jumuiya ile ya kwanza ya Afrika Mashariki, na winga wa kushoto wa Gati Rovers. Februari 1977 nilipanda meli siku ya Jumatano kuleta hati za mizigo Mwanza, nikitarajia kurudi Ijumaa kwa sababu Jumamosi tulikuwa na mechi. Nikiwa huku Jumuiya ikavunjika, mpaka ukafungwa, na meli ikabaki upande huu pamoja nami. Mpaka ulipofunguliwa tena mwaka 1983 nilikuwa na mke, watoto wawili, na fundi cherehani aliyenijua kiuno bila kunipima. Nikakaa. Ila sikuwahi kupokea barua ya kuachwa kikosini. Kwa hesabu yangu mimi bado ni mchezaji wenu, niliyechelewa mazoezi kwa miaka arobaini na minane na miezi mitatu. Nakuandikia kwa haki hiyo.

Jumapili ijayo, tarehe 18, mnacheza mechi ya mwisho nyumbani. Mkishinda mnabaki ligi kuu. Mkitoka sare au mkifungwa mnashuka, na kamati yako imekwisha kutangaza kwamba timu ikishuka itavunjwa. Naomba ufahamu jambo hilo lina maana gani kwa mtu aliye mbali. Sina tena nyumba Kisumu. Makaburi ya wazazi wangu yamezungukwa na maduka. Jina pekee la kwetu ninaloweza kulitafuta gazetini nikalikuta ni Gati Rovers, hata kama liko mkiani. Mkilifuta, sitakuwa na ukurasa wa kufungua.

Mpwa wangu Laila, anayeuza mitumba Kibuye na hunipigia simu baada ya kila mechi, amenieleza mambo yaliyonifanya nishike kalamu. Malalamiko yangu ni haya:

1. Timu imeanza kusifiwa.

Laila anasema tangu mfungwe mechi ya tisa mfululizo hakuna mtu Kisumu anayesema neno baya juu ya Gati Rovers. Hapo ndipo nilipoingiwa na hofu. Sisi Waislamu wa Kaloleni huzika upesi, kabla wasemaji hawajapata nafasi ya kujipanga. Nyinyi jirani zetu huchukua wiki mbili, mkaweka mahema na vipaza sauti, na kila aliyewahi kupishana na marehemu barabarani akapewa zamu ya kusema. Nilihudhuria matanga mengi katika ujana wangu. Nilimsikia mtu aliyekimbia wake watatu akitajwa kuwa nguzo ya familia. Sijawahi kusikia marehemu aliyekuwa mvivu. Kwa hiyo mtu wa kwetu anapoanza kusifiwa na kila anayemwona, hahitaji daktari wa kumweleza hali yake.

Sasa nasikia juzi Jumamosi tawi la mashabiki la Kibuye lilikodi mahema mawili na viti, likachapisha fulana zenye picha ya kikosi na maneno "Daima Mioyoni Mwetu". Wachezaji wakaketishwa mbele, kivulini, mahali ambapo kwa kawaida huwekwa sanduku. Mwenyekiti wa tawi, Bi Sheryl, akasoma wasifu wa mmoja mmoja. "Owiti alikuwa kijana mpole, alipenda watu." Alikuwa! Beki wa kushoto alisemwa kuwa hakuwahi kumzuilia mtu njia, jambo ambalo washambuliaji wa ligi nzima wako tayari kulitolea ushahidi. Kipa Mukhwana alitajwa kuwa mkarimu, asiyeweza kumrudisha mgeni. Mama mmoja alilia hadi akashikwa na wenzake wawili. Mchezaji mmoja naye alilia, akijililia mwenyewe.

Kesho yake mkafungwa tatu bila. Laila anasema mlicheza kama watu waliokwisha kusamehewa.

Nilimpigia simu Bi Sheryl kumuuliza sababu. Alinijibu kwa adabu: "Mzee, hawa ni watoto wetu. Tuwaseme vibaya aje na wanaenda?"

2. Ugomvi mlio nao ni wa ndani, na ugomvi wa ndani hauna faida.

Nahodha wenu Owiti ni wa Obunga. Mshambuliaji wenu Oketch ni wa Ahero. Tangu Januari hawajapasiana mpira. Chanzo ni chakula cha mchana kambini, pale Oketch aliposema watu wa Obunga wanakaanga mifupa ya sangara huku minofu yake ikipanda ndege kwenda Ulaya. Owiti akamjibu: "Na nyinyi Ahero, kwa mafuriko yenu, mnajua kuogelea kabla ya kutembea, lakini wewe kuruka tu upige kichwa imekushinda."

Nimeyatafakari maneno hayo kwa makini. Yote mawili ni ya kweli, na hilo ndilo tatizo. Tusi la jirani huwa sahihi mno. Anakujua, kwa hiyo linaingia mahali pake na kukaa. Tusi la mtu wa mbali huwa na makosa, na makosa hayo ndiyo huwaunganisha watu, kwa sababu kila mmoja hukimbilia kuyasahihisha.

3. Historia iko upande wangu.

Mwaka 1974 mtangazaji mmoja kutoka Nairobi alisema redioni kwamba wachezaji wa Gati Rovers wananuka samaki na hukimbia kama watu wanaotafuta kiatu ndani ya tope. Wakati huo mimi na beki wangu, marehemu Osama, tulikuwa hatujasemezana kwa miezi minane kwa sababu ya baiskeli. Tuliyasikia maneno yale kwenye redio moja, kwa kinyozi, kila mmoja akiwa na sabuni kidevuni. Osama akanitazama. Nami nikamtazama. Hakuna aliyeuliza baiskeli iko wapi. Jumapili tulishinda manne kwa moja, na la tatu alinitengenezea yeye.

Kwa uaminifu wa kihistoria sina budi kusema kwamba tulinuka samaki kweli, kwa kuwa mazoezi tulifanya kwenye ghala la samaki. Ila kuhusu kiatu mtangazaji alikosea. Tulicheza peku.

4. Hatuna tena adui.

Siku hizi Nairobi haitutukani. Gazeti huweka matokeo yetu kwa herufi ndogo, chini ya tangazo la dawa ya kunguni. Mtangazaji wa redio hututia katika "mechi nyinginezo". Mwezi uliopita kocha wa timu iliyowafunga matano alihojiwa, akasema Gati Rovers ni timu nzuri yenye vijana wa nidhamu. Ndugu Mwenyekiti, mlikuwa na haki ya kumshtaki. Mtu aliyekufunga matano akikusifia nidhamu, ana maana kwamba mlimpisha vizuri.

5. Sayansi nayo iko upande wangu.

Tazama magugu maji. Kwa zaidi ya miaka thelathini yamesemwa vibaya na kila mtaalamu aliyefika Kisumu na kofia yake. Yamelaaniwa kwenye semina. Yameandikiwa ripoti zenye picha za rangi. Yametukanwa kwa lugha saba, na moja kati ya hizo ni Kidachi. Sasa naomba utoke ofisini utazame ziwani. Umewahi kuona umoja wa namna ile? Hakuna jani linalomwacha mwenzake. Yakihama yanahama pamoja, yakirudi yanarudi pamoja, na safu yao ya ulinzi haipitiki hata kwa mtumbwi. Nani aliyapa hotuba ya kutia moyo? Nani aliyawekea mahema?

6. Nimelazimika kuchukua hatua mwenyewe.

Nakiri hili kabla hujaambiwa na mwingine. Tarehe 2 mwezi huu nilijiunga na kundi la WhatsApp la mashabiki wenu kwa jina la Mnairobi Halisi. Nambari yangu ni ya Tanzania, lakini hakuna aliyeitazama; mtu anayetukanwa hana muda wa kusoma tarakimu.

Nilianza kwa kiasi. Niliandika kwamba Gati Rovers wangefungwa hata na foleni ya posta. Nikaandika kwamba kipa wao huvaa glavu ili asiache alama za vidole kwenye tukio. Watatu wakaweka vikaragosi vya kucheka, mmoja akaandika "kweli kabisa", nikajua hali ni mbaya kuliko nilivyodhani. Ndipo, kwa moyo mzito, nikaandika kwamba samaki wa Kisumu hana ladha, na kwamba mtu akitaka ngege wa kweli aende Naivasha.

Simu yangu ilipata moto mkononi.

"Omera, nani huyu?"

"Naivasha? Hilo dimbwi?"

"Admin, toa huyu jamaa!"

"Usimtoe! Wacha akae hapo hapo tumjibu."

Siku ya pili Laila, ambaye hakujua kwamba Mnairobi ni mjomba wake, alinipigia akicheka. Alisema amewaona Owiti na Oketch wameketi benchi moja uwanjani, simu moja, Oketch akisema na Owiti akiandika. "Andika hivi: wewe Mnairobi, samaki yako umeijulia kwa friji." Jibu lao lilinifikia likiwa refu, lenye makosa saba ya tahajia, na nimelisoma mara nyingi kuliko barua nyingi za watoto wangu. Tarehe 9, kwenye mazoezi, Owiti alimpasia Oketch. Mara moja tu, na pasi yenyewe ilikuwa mbovu, lakini shahidi wangu aliiona kwa macho yake.

Kesho yake ndipo yakaja mahema. Kazi yangu ya wiki nzima ikafutwa na Bi Sheryl kwa alasiri moja ya kusema kweli zisizokuwepo.

7. Kwa hiyo naomba yafuatayo, na naomba yaingizwe kwenye kumbukumbu za kikao.

Niteuliwe rasmi kuwa Msemaji Mbaya wa Klabu, ofisi yangu ikiwa Mwanza. Fulana zikusanywe na kupelekwa kwa Laila, atajua la kufanya nazo. Mapadri, wachungaji na maimamu waombwe kusitisha dua hadi Jumapili jioni, kwani wageni nao wanaombewa kwao na tunamchosha Mwenyezi Mungu bure. Mashabiki wa timu ngeni wapewe viti vya mbele, kivuli, na vile vipaza sauti vya matanga. Wakiwa wapole, wachokozwe. Mama za wachezaji wasiingie uwanjani kabla ya kuahidi kwa maandishi kwamba hawatatamka maneno "pole mwanangu". Na yeyote atakayemtaja mchezaji aliye hai kwa kusema "alikuwa", atolewe nje.

Mpango huu ukifaulu, sioni kwa nini tuishie kwenye mpira. Wawakilishi wenu wa wadi, kwa mujibu wa Laila, hawajakubaliana hata juu ya saa ya kuanza kikao. Nipewe orodha ya majina na wiki mbili. Mafuriko ya Ahero huja kila mwaka, na kila mwaka ofisi hii husema ni kazi ya ofisi ile. Nitazitukana zote kwa usawa, bila upendeleo wa kabila wala chama, hadi ziungane na kutangaza kwa sauti moja kwamba kosa ni la mvua. Si haba. Utakuwa ndio msimamo wao wa kwanza wa pamoja.

Baada ya hapo tunaweza kuuza utaalamu huu nje. Zipo nchi nzima zinazosifiwa tu.

8. Najua utaniuliza: kama mzee huyu anaipenda timu kiasi hiki, kwa nini asije Kisumu aitukane ana kwa ana?

Ni swali zuri na nimejiuliza mwenyewe, tena si mara moja. Siku nikikanyaga gati ya Kisumu nitakuwa mtu wa nyumbani, na maneno yangu yatakuwa ya ndani. Nitasema beki ni mzito, na jirani yangu atasema, "Ni kweli, Mzee," tutakunywa chai, na beki ataendelea kuwa mzito. Thamani yangu yote iko katika umbali wangu. Nimeutunza umbali huu kwa miaka arobaini na minane bila msaada wa mtu. Sitaki upotee kwa tiketi moja ya basi.

Naamini utalipokea ombi hili kwa uzito unaostahili, na kwamba hutaniandikia jibu la shukrani, kwani shukrani ndiyo ilitufikisha hapa.

Wasalimie wanakamati wote, hata yule ambaye Laila anasema hulala vikaoni. Msalimie kocha Mathews na umwambie namhurumia, ila asiambiwe kwa sauti. Nisalimie Bi Sheryl, sina kinyongo naye. Siku yangu ikifika ningependa anisomee yeye wasifu. Wape salamu zangu wauza ngege wote, kuanzia ufukweni hadi Kibuye, ambao niliwakosea kwa makusudi na kwa faida yao. Na kama yuko mtu Kaloleni anayemkumbuka Mzee Alamin aliyekuwa akishona kofia, mwambie mwanawe anauliza hali.

Ni mimi, katika kutoridhika,

Abeid Alamin
Winga wa kushoto

Baada ya sahihi. Jumanne, 20 Mei.

Ndugu Mwenyekiti, nalazimika kuongeza maneno kabla barua hii haijaenda posta.

Jumatano iliyopita nilimtumia Laila picha za kurasa hizi akusomee. Yeye akazituma kwenye kundi. Alhamisi asubuhi nikapigiwa simu na sauti nisiyoijua. "Mzee, ni wewe Mnairobi? Hapa ni Owiti. Niko na Oketch, niko na timu yote, tumekuweka kwa spika. Kwa hivyo sisi ni maiti, eh?" Nikasikia watu kumi na zaidi wakicheka kicheko kimoja. "Ngoja Jumapili," akasema mwingine, nadhani Oketch. "Utatujua."

Jumapili Laila aliishika simu juu dakika zote tisini ili nisikie. Sijawahi kusikia umoja wa namna ile. Owiti kwa Oketch, Oketch kwa Owiti, wakiitana "ndugu yangu" uwanja mzima. Dakika ya themanini na nane, bila bila, Oketch alibaki peke yake na kipa. Mtu aliyegombana na wenzake angepiga. Oketch akamwangalia Owiti, akampasia. Owiti, asikubali kushindwa kwa wema, akamrudishia. Oketch akamrudishia tena. Kipa wa wageni akaja kwa miguu yake mwenyewe akauchukua mpira, akawashukuru.

Mmeshuka daraja.

Naona nilichunguza vizuri kama maneno ya mtu wa nje yanaweza kuiunganisha timu. Yanaweza. Sikuchunguza kama umoja unafunga mabao.

Nasikia pia kwamba jana kamati yako ilikaa kuivunja timu ikashindwa, kwa kuwa wachezaji wote walifika pamoja, wakaketi mlangoni pamoja, na kuapa kwamba hakuna atakayeondoka. Timu nyingine ikishuka, angalau wale walioishusha hutawanyika. Nyinyi mmebaki nao wote kumi na mmoja, na ni mimi niliyewafunga pamoja. Kwa hiyo nafuta malalamiko na maombi yangu, namba moja hadi saba, na kuweka ombi moja mahali pake: tafadhali mgombanisheni Owiti na Oketch kabla ya msimu kuanza, hata kwa uongo. Gazeti la huku haliandiki matokeo ya daraja la chini. Nitategemea simu ya Laila.

Owiti alinipigia tena leo asubuhi. Hakulia wala hakulalamika. Alisema, "Mzee Abeid, sasa hakuna haja ukae huko. Tumeshuka, hakuna mtu wa kuonea aibu. Agosti tunaanza. Kuja, tutakuwekea kiti kwa benchi, ututukane ukiwa karibu."

Nilimshukuru. Nilimwambia kwamba mtu akibaki na kipa peke yake, apige. Kuhusu hilo la kiti nilimjibu pia, na nakuandikia wewe jibu lilelile ili lisihitaji kuulizwa tena msimu ujao. Sitarudi.